Naomba ushauri: mdogo wangu anafuga chatu

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Urambo, Tabora. Mdogo wangu wa miaka 15 amemkuta chatu mchanga kwenye bani la kukaushia tumbaku, kamweka kwenye sanduku la mbao lenye wavu, anamlisha panya. Kijana yuko makini kweli: macho ya nyoka yalipogeuka meupe kama maziwa alijua anataka kujivua gamba, akaacha kabisa kumshika. Ila chatu hufikia mita 4 na zaidi, na humu ndani kuna mtoto anayetambaa. Babu, aliyewaona Bayeye, wale wacheza ngoma wa Kisukuma, wakicheza na nyoka, anasema nyoka hakabidhiwi asiyefundishwa. Nimemsihi kijana amrudishe porini, kagoma.

Je, kwa umri huo, akisimamiwa na mtu mzima, ataweza? Na kibali cha wanyamapori naanzia ofisi gani?