Nina kilo 104 na presha, nimeletewa sindano za kupunguza mwili. Nichome?

Mama Tumaini
Habari za jioni wapendwa. Nina miaka 34, mtoto mmoja, naishi Dar. Urefu wangu ni sentimita 162. Presha ilinianza nikiwa mjamzito na haijaondoka, kila asubuhi nameza amlodipine. Soda niliacha, ugali nakula kidogo, alfajiri natembea. Zilitoka kilo nane, zikarudi zote na mbili juu yake. Nimechoka kuambiwa napenda kula.

Kuna dada Instagram anauza Ozempic. Inaletwa na bodaboda kwenye bomba la sindano, dawa imeshavutwa tayari, najichoma tumboni kila wiki. Rafiki yangu amepungua kweli. Hela ninayo. Nishaurini kwa dhati.

Baba Neema
Dada, usipokee. Ozempic halisi huja kwenye kalamu yake, ndani ya boksi, na kabla ya kuanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Hiyo imepigwa jua kwenye pikipiki. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia. Bomba likishavutwa na mtu usiyemjua, ndani inaweza kuwa insulini, sukari ikashuka ukazimia na mtoto yuko peke yake nyumbani.

Shangazi wa Moro
Mwanangu, achana na sindano. Ndimu na maji ya moto asubuhi, usiku usile. Mimi nilipungua.

Nesi wa Zamu
Shikamoo shangazi. Namwomba dada asijilaumu, kwa sababu mwili ukipungua njaa huongezeka na nguvu unazotumia hupungua, ndiyo maana kilo zilirudi. Ndimu haigusi hapo.

Dawa iliyomo kwenye Ozempic ni semaglutide. Inaiga homoni ya utumbo inayoupa ubongo taarifa ya shibe, na chakula kinakawia tumboni. Ozempic yenyewe ni ya kisukari. Ya unene inaitwa Wegovy, Marekani waliiidhinisha 2021. Kwenye utafiti wake mkubwa watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68, pamoja na mlo na mazoezi. Kwako hiyo ni kama kilo 15. Lakini walioacha walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo usihesabu hela ya mwezi mmoja, hesabu ya miaka.

Huanzwa na miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha hupandishwa taratibu, la sivyo kichefuchefu na kutapika vitakulaza. Daktari atauliza kama umewahi kuugua kongosho, na kama kwenu kuna saratani ya tezi ya shingo. Nami nakuuliza: unatafuta mtoto mwingine? Dawa hii huachwa angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba.

Juma K
Mimi daktari alinipa orlistat, kidonge kimoja kwa kila mlo. Inazuia karibu theluthi ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Siku nikila chipsi mayai, mafuta hutoka na choo bila taarifa, kazini ni taabu. Nilipungua kilo tano kwa miezi sita, na presha ikashuka.

Mama Tumaini
Nesi, umenigusa. Tunatafuta mtoto wa pili tangu Machi, na yule muuzaji hakuniuliza hata mara moja. Nimemwambia asilete. Jumatatu naenda kliniki. Nikipungua, ile amlodipine niipunguze?

Nesi wa Zamu
Usiiguse mwenyewe. Pima presha asubuhi na jioni kuanzia leo, andika kwenye daftari, uende nalo. Na sentensi ya kwanza ukikaa mbele ya daktari iwe kwamba mnatafuta mtoto, maana hapo atachagua dawa ya presha na ya uzito kwa pamoja.