Naomba ushauri: pesa hii ya shaba imesuguliwa?

Ndugu zangu, hamjambo? Kuna mzee hapa Nairobi anataka kuniuzia pesa ya shaba ya Zanzibar, ya Sultani Barghash, mwaka 1299 Hijria, ile yenye mizani. Naitamani sana, marehemu babu alikuwa nayo. Ila rangi inanitia shaka. Inang'aa wekunduwekundu kila mahali, hata palipolika, ilhali shaba ya umri huo huwa kahawia. Nilipoiinamisha juani niliona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, na weusi umebaki kandokando ya herufi tu. Je, mikwaruzo hiyo yatosha kuthibitisha imesuguliwa, au hata kushikwashikwa huileta? Na kama ilitiwa ndimu bila kusuguliwa, nitaijuaje? Narudi kwake Jumamosi.