Hilux 12R: nimefunga ignisheni ya elektroniki, inawaka halafu inazima nikiachia ufunguo

Kabichi_Kapchorwa:
Habari zenu mafundi. Nina Hilux ya 1980, petroli, injini ya 12R. Inabeba kabichi na viazi kutoka Kapchorwa mpaka Mbale. Pointi, vile vyuma vinavyokata na kuunga umeme wa cheche, zimenichosha: kila mara nafungua distributa, kile kigawa umeme wa plagi, nazisugua kwa msasa, narudisha pengo milimita 0.45, na mvua ikinyesha mlima wa Sipi gari linakohoa tena. Nimenunua ile moduli inayokaa mahali pa pointi, na duara lake la sumaku linaloingia chini ya rota, kile kinachozunguka ndani ya distributa. Waya ni mbili, nyekundu kwenye chanya ya koili inayokuza umeme wa cheche, nyeusi kwenye hasi. Nikipiga stata injini inashika papo hapo. Nikiachia ufunguo tu, kimya. Nimejaribu mara kumi. Kesho kutwa ni soko na kabichi zimeshakatwa. Naombeni msaada.

Fundi_wa_Arua:
Pole sana ndugu. Moduli yako ni nzima. Tazama ubavuni mwa koili: kuna kipande cheupe cha kauri kimebanwa hapo? Hiyo ni resista, inapunguza umeme. Ukipiga stata, koili inapata umeme bila kupitia hapo. Ukirudisha ufunguo, umeme unapita kwenye resista na kushuka. Pointi zinavumilia, moduli haivumilii, inataka volti 12. Pima volti pande zote mbili za resista.

Spea_Ndeeba:
Ng'oa hiyo resista, unga moja kwa moja. Sisi huku tunafanya hivyo.

Fundi_wa_Arua:
Ssebo (bwana), hapana, apime kwanza ukinzani wa koili, kwa om! Ya om 3 haina shida. Ya om 1.5 imetengenezwa ifanye kazi na resista. Ukiitoa, koili inachemka na moduli inaungua nayo. Nimeshabadilisha mbili zilizokufa hivyo, na wenyewe walilipa kwa uchungu.

Kabichi_Kapchorwa:
Kipo, cheupe, kimepasuka kidogo pembeni. Upande wa swichi volti 12.3, upande wa koili volti 7.1. Koili om 1.5.

Fundi_wa_Arua:
Basi resista ibaki. Hamisha waya nyekundu peke yake, iunge upande wa swichi, kabla ya resista. Nyeusi usiiguse. Tia solda, usisokote kwa vidole, barabara yenu ina mtikisiko. Na bamba la ndani ya distributa likwangue kutu pale linapofungwa kwa skrubu, moduli inapata negativu yake hapo.

Kabichi_Kapchorwa:
Imekubali! Nimeiacha ikinguruma nusu saa, haijakatika hata mara moja. Mungu akubariki mzee wangu. Taiminga, yaani wakati wa cheche kupiga, niiguse?

Fundi_wa_Arua:
Ipime upya kwa taa, lazima, maana pointi zikitoka taiminga inasogea. Na usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezima, hata kwa kusikiliza redio ukipakia. Kuna nafasi ya redio kwenye swichi, tumia hiyo.

Kabichi_Kapchorwa:
Taa ya taiminga anayo jirani yangu. Naenda kuiazima sasa hivi kabla hajalala.