Naomba ushauri: giaboksi iko mezani, nimekwama

Ndugu zangu mafundi, salaam kutoka Jinja. Gia ya tatu ya pikapu yangu ilikuwa ikikwaruza hata klachi ikiwa chini kabisa. Nikabadilisha oili, wapi! Basi nimeishusha giaboksi mwenyewe hapa uani (mama watoto hafurahii, meza ni yake). Ringi ya shaba ya gia hiyo (ile inayosawazisha mwendo kabla gia haijaingia) imelika: nikiibana kwenye koni ya gia inateleza tu, na fila gechi (kipimo cha mwanya) inasoma milimita 0.3 kati ya ringi na gia. Mpya nitaifuata Kisekka, soko la vipuri Kampala. Meno ya silivu (pete ya nje inayoteleza kuingiza gia) ni mazima, ila mawili yamemeguka ncha.

Nibadilishe ringi peke yake, au pamoja na silivu? Na beringi ya shafti inatokaje bila mashine ya presi? Nyundo naiogopa.