Naomba ushauri: Hilux LN106 inakwaruza baada ya kubadili rimu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na Hilux za zamani.

Gari ni LN106, ekseli nzima mbele, springi hazijainuliwa. Ilikuwa na rimu za chuma na tairi 205R16. Sasa ina rimu za inchi 16 kwa 8, ofseti 0 (uso wa kufungia uko katikati kabisa ya upana wa rimu), tairi 265/75R16. Yaani upana umeongezeka milimita 60 na kipenyo kimefika kama milimita 804.

Kuna milio miwili, tusiichanganye. Wa kwanza hutokea nikikata usukani hadi mwisho, hasa nikirudi nyuma. Nilipaka chaki kwenye tairi, ikafutika ukingo wa nje unaogusa kona ya nyuma ya madigadi. Huo naulewa.

Unaonisumbua ni wa pili: gurudumu la mbele kushoto, usukani ukiwa umenyooka, mkwaruzo wa vipindi unaofuata mwendo wa gurudumu na kupotea nikigusa breki kidogo.

Nati zilikazwa kwa bunduki ya upepo. Nimezilegeza na kuzikaza upya kwa mkono, kimsalaba. Nimeinua kwa jeki na kutikisa, beringi haichezi. Risasi za balansi (vipande vya uzito vya kusawazisha gurudumu) za ndani ya rimu ziko mbali na kalipa, yaani kishika pedi za breki. Bati la kinga nyuma ya diski nililikunja kidogo, mlio ukapungua siku moja tu.

Je, kupotea kwa mlio nikigusa breki kunaelekeza kwenye pedi na pistoni zinazonata, au bado ni bati? Na kwa ule wa kwanza, nirefushe boliti ya stopa ya usukani (inayozuia magurudumu yasikate zaidi) kiasi gani kabla ya kufikiria kukata madigadi? Spesa (kipande cha kusogeza gurudumu nje) sitaki, tairi tayari limetoka nje.