Riwaya ni ghiba? Sahani yetu imerudi tupu

Mwenye Daftari

Assalaam alaykum jamani. Nawaletea kesi, na mshitakiwa ni mie mwenyewe.

Ramadhani iliyopita mama alinituma kwa jirani yetu, bi mkubwa mmoja anayekaa peke yake, nimpelekee sahani ya tambi za kukaanga. Kesho yake sahani ikarudi, imeoshwa, imefutwa, tupu. Wenyeji hawahitaji tafsiri. Sahani ya jirani hairudi tupu. Nyumba ikikosa kabisa hutiwa embe moja, au sukari kidogo ndani ya karatasi. Mama akaigeuza ile sahani chini juu kama anayetafuta kilichodondoka, kisha akaniangalia mie. "Umemwandika nini?"

Nilimwandika makubadhi.

Mwezi wa Shaabani nilitoa kijitabu cha hadithi fupi, nakala 300 tu. Mna mwanamke mjane ndani yake ambaye kila magharibi huweka viatu vya kiume, makubadhi, mlangoni, ili apitaye ajue nyumba ina mwanamme. Mwanamme hayupo, na makubadhi yamejaa vumbi. Nilimpa jina jengine, nikamhamishia Mkoani, kule Pemba, nikamfanya mjane wa mvuvi, ilhali jirani yangu kaachwa na aliyemwacha yu hai. Nikajiona nimesitiri vya kutosha. Lakini uchochoro wetu una nyumba kumi na moja, na mlango wenye makubadhi ya kiume yasiyovaliwa ni mmoja. Haikutimia wiki ya pili, watoto wakawa wanapita wanapiga hodi: "Baba yupo?"

Sasa niwaambie ninavyoandika, mjue mnamhukumu nani. Naandika baada ya Alfajiri, kabla mama hajawasha jiko, kurasa mbili kwa mkono, basi. Mchana nauza vifaa vya umeme, maana hadithi hainilishi. Jioni nakaa barazani, daftari ndogo mfukoni mwa kanzu. Siitoi mbele za watu. Nakunywa kahawa yangu, nasikiliza, nikirudi ndani naandika neno kabla halijapoa. Juzi bibi mmoja kasema "mvua ya mwaka huu ina kiburi". Neno kama hilo nitalikalia kitako mwaka mzima mpaka lizae. Hadithi zangu zote zimetoka humo. Sijui kutunga kitu kutoka hewani, nina macho na masikio tu, na mkinambia nisichukue cha barazani mmenambia niweke kalamu chini.

Suali langu basi: kisa cha jirani ni cha nani? Na mtu akishabadilisha jina na mji, bado ni ghiba, yaani kusengenya? Msinionee huruma.

Mwalimu wa Chuoni

Wa alaykum salaam. Huruma huipati kwangu. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kusengenyana, na msengenyaji kafananishwa na mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa, je, ikiwa ninalolisema lipo kwake kweli? Jawabu ikawa kwamba likiwepo ndiyo ghiba yenyewe, lisipokuwepo umemzulia. Itazame riwaya ilivyokaa: nusu ya kweli, nusu umetia chumvi. Umeingia kwa milango yote miwili.

Lakini nami nisikudhulumu. Wanavyuoni wamesema pia kwamba asiyejulikana hasengenyeki. Ukisema "kuna mtu nimemuona", na anayekusikiliza hana njia ya kumjua, hujala nyama ya mtu. Kwa hiyo usituulize kama ulibadilisha jina. Jiulize kama watoto walipiga hodi.

Mla Urojo

Basi tuwafunge na wauza kanga.

Mpemba wa Wete

Mie nna kesi yangu nyengine. Kwani kila mnapotaka kuficha kitu huko Unguja mnakileta Pemba? Mkoani hakuna watu? Sensa ya 2022 imetuhesabu huku 543,441, na Zanzibar nzima 1,889,773. Kwa idadi hiyo utamficha nani? Halati yangu yuko Mkoani, mjane, marehemu alikuwa mvuvi, na wallahi mlangoni kwake mna viatu vya kiume. Mjukuu wake kamsomea hadithi yako. Anauliza nani kakupasulia siri.

Mwenye Daftari

Mpemba, nisalimie halati. Mkoani naijua bandarini tu, nikiteremka boti na kupanda gari.

Ila hapo mmenipa pumzi. Ikiwa wanawake wawili, mmoja mjini na mmoja Mkoani, wamejikuta katika mlango mmoja wa karatasi, Mwalimu aniambie nimemsengenya yupi. Au kumbe nimeandika hofu ya kila mwanamke anayelala peke yake?

Mwalimu wa Chuoni

Umewapata wawili kwa mshale mmoja, na bado unaomba pongezi.

Shoga wa Mwembetanga

Mla Urojo kafanya mzaha lakini kagusa penyewe. Wanawake wa Zanzibar tumeanza kuwatia watu hadithini kabla yenu nyinyi wenye madaftari. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, aliimba kisa cha mwanamme aliyemuua mwanamke mgeni kisha akakimbilia Bara, na jina lake akalitaja humo humo, Kijiti. Siti kafariki 1950 na Kijiti anatajwa mpaka leo. Sijasikia mtu akimlilia.

Na sisi wa sasa? Ukumbini, taarabu imekolea, mtu anainuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji. Njia iliyonyooka ipo, yeye anazunguka apite mbele ya yule anayemkusudia, taratibu, kwenye ubeti ule ule unaochoma. Jina halijatajwa na ukumbi mzima umeelewa. Aliyepigwa fumbo halii. Anasubiri nyimbo ya pili, naye anainuka na noti yake. Au kesho anajifunga kanga yenye jibu, anapita uchochoroni kwenda dukani, na dukani hana anachonunua.

Hapo ndipo uliponichukiza, mwandishi. Bi mkubwa wako ainuke na noti gani? Umesema peke yako, kwa wino, mara 300. Fumbo la kwetu lina zamu, kitabu chako hakina. Ile sahani tupu ndiyo kanga yake, ndilo jibu pekee alilokuwa nalo, na hilo nalo umekuja kutusimulia kwa maneno yako. Kuachwa kwake hatukukujua, umetwambia wewe leo. Umemwandika mara ya pili.

Mla Urojo

Hapo sina mzaha.

Mtoto wa Gati

Naona kijana anachinjwa. Tukiweka sharti kwamba anayetiwa kitabuni akubali kwanza, basi visiwa hivi vingekuwa na vitabu vya mapishi tu. Rais Karume kauliwa Aprili 7, 1972, watu wakasombwa, wengine wakakaa ndani miaka. Adam Shafi alikuwa miongoni mwao, na mwaka 2003 ikatoka riwaya yake ya Haini. Mambo ya gerezani yamo humo kwa majina ya kubuni. Alitakiwa aende kuwabishia hodi wenye magereza, awaombe ruhusa?

Mie nilikuwa mdogo wakati huo. Nyumbani kwetu mambo hayo yalisemwa kwa kunong'ona, redio ikiwa imeongezwa sauti. Nilipokuja kuyasoma kitabuni, ukubwani, nilikaa kitako sakafuni. Msimfunge mdomo mwandishi kwa ajili ya makubadhi.

Mwalimu wa Chuoni

Hilo halina ugomvi. Imam Nawawi katika Riyadhus-Swalihina kaorodhesha sababu sita za kuruhusu mtu asemwe, na ya mwanzo ni aliyedhulumiwa kumtaja aliyemdhulumu. Sasa huyu bi mkubwa kamdhulumu nani?

Mtoto wa Gati

Hajamdhulumu mtu, nakubali. Lakini nami nina suali. Watoto walipiga hodi kwa wiki ngapi, na watu wazima wa uchochoro huo walikuwa wapi? Kitabu hakikupiga hodi.

Niko Muscat

Dawa ni moja, ondoka. Abdulrazak Gurnah katoka Zanzibar na miaka 18, riwaya ya mwanzo kaitoa 1987, Nobel kaichukua 2021. Ukiwa mbali hakuna wa kukurudishia sahani tupu.

Shoga wa Mwembetanga

Yule alikimbia, ami, hakwenda kutafuta kimya cha kuandikia. Usiifanye hijra ya watu kuwa mbinu ya uandishi.

Mwenye Daftari

Niko Muscat, nimelifikiria hilo usiku kucha, na jawabu yangu ni kuwa siwezi. Mimi nikikaa wiki moja Dar es Salaam kalamu inakauka. Kuna waandishi wa kumbukumbu na kuna waandishi wa dirishani, mie wa dirishani. Huyo Muhammed Said Abdulla, mwandishi aliyemleta Bwana Msa, mpelelezi wa riwayani, mzaliwa wa Makunduchi, kabla ya kuingia magazetini alikuwa mkaguzi wa idara ya afya. Namfikiria anavyoingia nyua za watu, anachungulia visima na majaa, anasalimiwa kwa wasiwasi. Hajaniambia mtu, ni dhana yangu tu, lakini naona upelelezi wote ule ulianzia uani.

Shoga, maneno yako ya zamu yamenikaa kooni. Nitarudi.

Mpemba wa Wete

Anakimbia huyo.

Mla Urojo

Kaenda kuandika.

Mwenye Daftari

Nimerudi. Jana baada ya Alasiri nilikwenda na kijitabu mkononi. Hakunikaribisha ndani. Kanitolea kigoda, nikakaa nje, yeye kakaa nyuma ya mlango ulioegeshwa, naona ncha ya kanga yake tu. Kaniambia, "Soma."

Nikasoma hadithi yote, kurasa sita, huku watu wakipita na kunisalimia. Sijapata kusoma kazi yangu namna ile. Sentensi niliyokuwa nikijivunia, ya mwezi na mashua, ilinitoka mdomoni kama mchele wenye mawe. Alinikatiza mara mbili. Mara ya kwanza kwenye jina: "Hilo ulilonipa la nani? Paka wetu aliitwa hivyo." Mara ya pili nilipofika penye vumbi.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Makubadhi yale nayafuta kila Ijumaa. Nayapaka na mafuta ya nazi. Umeniandika mchafu."

Mwanamke niliyemwandikia upweke, hofu ya usiku, mume asiyerudi, yote hayo kayapita bila ya neno. Kasimama kwenye vumbi. Na kwa hakika vumbi sikuliona, nililitia mwenyewe mezani asubuhi moja, kwa sababu sentensi ilitaka kitu cha kumalizia. Mwalimu, ukitaka kujua buhtani yangu, huko kumzulia mtu, ilikuwa wapi, ilikuwa pale.

Nikamwambia kikichapwa tena nitaiondoa hadithi nzima. "Uiondoe watu waulize imekwenda wapi?" Nikasema basi nitaondoa vumbi. Kanyamaza. Watoto sikuwataja, nilishikwa na haya, lakini makubadhi hayapo tena mlangoni. Pamebaki alama mbili juu ya saruji, mahali yalipokuwa yakikaa.

Shoga, hii ni mara ya tatu namwandika. Safari hii nilimuuliza kwanza kama niwaambieni au ninyamaze. Kafikiri, nikasikia bangili. "Waambie la mafuta," kasema. "Mengine yako."

Shoga wa Mwembetanga

Mpe salamu zangu. Mwambie makubadhi ayarejeshe mlangoni, na mtoto atakayepiga hodi nitajieni mama yake.

Mwalimu wa Chuoni

Na wewe mwandishi, kwa hao watoto usisubiri aya. Kaa barazani saa hizo za kupita kwao, hata bila ya daftari.

Mla Urojo

Na sahani?

Mwenye Daftari

Mama kaipeleka leo asubuhi na mkate wa kumimina. Haijarudi.