Injini za Liemba zilinusurikaje chini ya maji?

Mwalimu wa Ujiji
Ndugu zangu, wanafunzi wangu wa kidato cha pili wameniuliza jambo ambalo ningependa kulijibu kwa uhakika. Tunawafundisha kwamba Wajerumani waliizamisha meli yao ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, tarehe 26 Julai 1916, na kwamba Waingereza waliiopoa mwaka 1924 wakairudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Iliwezekanaje injini zile zile zifanye kazi tena, ilhali mnyororo wa baiskeli ukinyeshewa siku chache tu huota kutu?

Fundi wa Gatini
Mwalimu, jibu linaanzia kwenye nia ya waliozamisha. Hawakuilipua. Majeshi ya Ubelgiji yalipoikaribia Kigoma, mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg, Ujerumani, wakiongozwa na Anton Rüter, walizipaka injini girisi nzito, wakaijaza meli mchanga na kuizamisha taratibu karibu na mlango wa mto Malagarasi, kwa matumaini ya kuirudia baadaye. Girisi huzuia maji na hewa visiguse vyuma vilivyosuguliwa, kama vile fimbo za pistoni na beringi, ambavyo ndivyo huharibika kwanza. Tena injini ya mvuke haina mambo mengi: ni chuma na shaba, na fundi mwenye spana na subira huweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga upya. Meli yenyewe ilikwisha kufunguliwa mara moja, kwani ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikapakiwa vipande vipande katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa kwa ribiti (pini za chuma za kushikiza mabati) na kushushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915.

Mkemia wa Tabora
Naafikiana na Fundi, ila maji nayo yana sehemu yake. Kutu huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja, na mnyororo wa baiskeli uliolowa huvipata vyote viwili kwa wingi. Chuma kilichozama kabisa hupata oksijeni kidogo, na kilichofukiwa mchangani hupata kidogo zaidi. Isitoshe, maji ya Ziwa Tanganyika ni baridi kwa maana ya kutokuwa na chumvi ya bahari, na yana ualikali, yaani kinyume cha uasidi, unaopunguza kasi ya kutu. Ingezamishwa Bahari ya Hindi, sidhani kama girisi peke yake ingetosha.

Mzawa wa Mwanga
Tuongeze sahihisho moja. Meli haikulala mahali pamoja miaka yote hiyo, kwa sababu Wabelgiji waliiopoa kwanza wakaivuta hadi Kigoma, kisha dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza waliitoa tarehe 16 Machi 1924. Wanafunzi wajue pia kwamba injini hizo za mvuke hazimo tena, kwani katika miaka ya 1970 zilibadilishwa kwa za dizeli.

Mwalimu wa Ujiji
Nashukuru sana. Nitawapa wanafunzi misumari mitatu walinganishe kutu: mmoja kwenye maji ya ziwa, mwingine kwenye maji ya chumvi, na wa tatu kwenye maji ya chumvi ukiwa umepakwa girisi.

Mkemia wa Tabora
Ongeza wa nne, uliozama nusu tu, na waangalie hasa pale uso wa maji unapougusa.